Sungura Niliowaacha Ndama

Kuna siku kitongoji kizima kilinipigia makofi kwa kuwaokoa sungura ambao niliwatupa mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na jingine lolote nitaishia kujitetea, na najijua, nikianza kujitetea sina breki.

Mimi ni afisa mifugo. Huku watu hawahangaiki na vyeo, wananiita Daktari, na sijawahi kuwakatalia. Kwetu ni Muleba, nimekulia katika ukoo wa Wakatoliki, na nilifanya kazi Ndama, wilayani Karagwe, kwa miaka saba. Nilikuwa nakaa na binti yangu katika nyumba ya kupanga iliyopakana na kibanja cha bibi mmoja mjane. Kibanja ni lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Humo ndimo chakula kinamotoka, na humo ndimo wenyewe wanamozikwa. Bibi alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele. Ikikaribia Jumapili ya Chakula cha Bwana, alianza kujiandaa tangu Alhamisi. Alifua gauni lake jeupe, kisha akazunguka kupatana na kila aliyekwaruzana naye. Hata mimi alinijia mara moja kuniomba radhi kwa ajili ya kuku wake aliyeingia jikoni kwangu. Nilicheka. Yeye hakucheka, alisubiri mpaka nikasema nimesamehe.

Tena nina mdomo, hilo nalo mlijue. Mwaka mmoja kabla sijahama nilimsimamisha mzee mzima katikati ya mkutano wa kitongoji kwa sababu mbuzi wake walikuwa wanazurura katika mashamba ya watu. Nilimwambia, mbele ya wakwe zake, kwamba mtu anayeachia mifugo ovyo hana tofauti na mwizi. Watu walipiga makofi siku hiyo pia. Yule mzee alikaa chini akitazama viatu vyake, nami nikaendelea na ajenda ya chanjo.

Sungura walianza wawili. Niliwanunua gulioni Nyaishozi, binti yangu alipotimiza miaka saba, na muuzaji akaniapia kwamba wote ni majike. Mimi, mtu niliyesomea kazi hiyo, sikuwageuza hata kuwaangalia. Nilikuwa nawahi mvua. Jamani, nilichekwa! Miaka miwili baadaye nilikuwa nimeshagawa wengi mpaka watu wananikwepa njiani, na bado tisa walikuwa wamebaki bandani. Hatukuwala. Majirani walitushangaa, nyama yote ile inatembea, lakini mtoto alikuwa amenikatalia katakata. Asubuhi hanywi chai kabla ya kuwakatia majani ya viazi vitamu, na jioni anakaa nao akiwasimulia ya shuleni.

Ikaja barua ya uhamisho. Naenda Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa. Nyumba niliyopata huko ilikuwa vyumba viwili na ua wa kugeuzia baiskeli, na mwenye nyumba alisema mapema hataki wanyama. Nilikuwa na wiki mbili za kutafuta mtu wa kuwachukua sungura. Wiki mbili ni nyingi. Nilijiambia nitamwomba Bibi, na kila siku nikaahirisha, kwa sababu nilijua jibu lake: alishawahi kuniambia, akipanda maharage yake, kwamba sungura na maharage haviwezi kukaa kibanja kimoja. Sikutaka kusikia hapana. Mimi ndiye niliyezoea kuwaambia watu hapana.

Siku Fuso ilipokuja kupakia vyombo, Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani, amelala huko siku ya tatu. Dereva anapiga honi, mtoto ameshapanda mbele. Nililibeba lile banda la mabanzi mpaka nyuma ya nyumba, mpakani na kibanja cha Bibi, nikalifungua. Migomba ya pale ilikuwa imetandazwa nyasi nene, matandazo ya kufika kwenye vifundo vya miguu, na sungura waliingia humo mmoja mmoja wakinusanusa. Nilijiambia watapata majani, watapata kivuli, Mungu atawaona. Kisha nikalivunja banda kwa mguu ili lisionekane, nikarudi mbele nikiwa napangusa mikono.

"Mama, sungura?" binti yangu aliuliza.

"Nimemkabidhi Bibi," nilimjibu. "Amesema atawatunza."

Nataka mwelewe uzito wa neno hilo. Huku mnyama haachwi kimya kimya. Ukitaka kumwachia mtu hata kuku mmoja, unamwita mtu wa tatu, mnakaa, mnakunywa rubisi kidogo, ile pombe ya ndizi, au chai kama mwenyeji ameokoka, na yule wa tatu anasikia kwa masikio yake kwamba huyu ameacha na huyu amepokea. Muleba nako tunayajua hayo, msidhani mimi ni wa kuja. Nilipomwambia mtoto nimemkabidhi Bibi, mtoto aliona kichwani mwake kikao kizima, na Bibi akiitikia. Alisinzia begani kwangu bila wasiwasi wowote.

Miezi miwili baadaye, wakati maharage yanatoa majani, nilikuwa joshoni na ng'ombe wa watu, simu nimeiacha nyumbani. Jioni binti yangu akanipa taarifa, kwa ile sauti ya mtoto aliyefanya kazi nzuri. Mwenyekiti wa kitongoji cha Ndama alipiga, akauliza sungura wetu tuliwaachia nani, naye akamwambia tuliwaachia Bibi, mama alimkabidhi. Mwenyekiti akashukuru, akakata. Nilikuwa navua mabuti. Nilisema, "Sawa, vizuri," nikaendelea kuvua mabuti.

Ningeweza kupiga simu dakika ile ile. Salio lilikuwepo. Sikupiga siku hiyo, wala kesho yake, na siku ya tatu nilianza kujiambia kwamba pengine yameisha. Hayakuisha. Baada ya wiki kama sita mwenyekiti alinipigia tena, safari hii akanipata mwenyewe. Alisema sungura wamezaana, wanamaliza maharage ya watu, mbwa wanawakimbiza mchana kutwa na watoto wanaokota waliojeruhiwa. Afisa wa kuchukua nafasi yangu alikuwa bado hajaripoti. Wengine walitaka kuweka sumu, yeye akawazuia. Akaniomba nije niwasaidie kuwakamata wale wanyama wakiwa hai. Kumhusu Bibi hakusema neno, na mimi sikuuliza. Nilisema nitakuja Jumamosi.

Nilikwenda na matenga manne kwenye pikipiki. Walijitokeza watu kama ishirini, wengi wao akina mama, na nikawapanga. Hapo nilikuwa mtaalamu hasa, siwezi kukataa. Tuliziba mashimo waliyochimba kwenye mashina ya migomba, tukaacha moja moja wazi, tukatega matenga yenye majani ya viazi, na wengine wakapita polepole wakipekua matandazo kwa fimbo. Sungura akikamatwa watu walimnyanyua kwa masikio, nikawa nawafokea. "Siyo masikio! Mkono mmoja kifuani, mwingine matakoni, kama mtoto mchanga." Nilifoka mpaka sauti ikakwaruza. Yule mzee wa mbuzi alikuwepo, alinisikiliza kwa adabu, akamshika wake vizuri kuliko wote.

Hali zao sitazisahau. Manyoya yamejaa kupe, masikio yamejaa magamba ya utitiri mpaka yanatoa harufu, jike mmoja mgongo umechanwa na mbwa. Sungura hana sauti. Unaweza kukaa naye miaka usimsikie. Anapiga kelele pale tu anapoona anakufa, na kelele hiyo ni ya mtoto. Yule jike nilipomshika alipiga ile kelele, na nilimjua. Alikuwa mmoja wa wale tisa. Aliwahi kulala mapajani mwa binti yangu.

Tulipata kumi na wanne. Mwenyekiti, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alitoa hotuba fupi barabarani. Akasema huyu Daktari alishahama, hana deni nasi, lakini ameacha kazi zake Kyerwa akaja kutuokoa sisi na hawa viumbe. Makofi. Nilisimama pale na matenga yangu, nikasema asanteni, msinishukuru mimi. Walidhani ni unyenyekevu, wakaongeza makofi.

Ndipo nikauliza Bibi yuko wapi. Mama mmoja akaniambia Bibi ametengwa.

Walinieleza kwa zamu. Watu walipolalamika kuhusu maharage, Bibi aliitwa, akasema sungura si wake, hajawahi kupokea sungura kutoka kwa mtu. Mwenyekiti akanipigia simu, akaongea na mtoto, mtoto akasema mama alimkabidhi. Bibi akawajibu: kama nilikabidhiwa, mtu wa tatu ni nani, mleteni. Hilo lilikuwa jibu zuri, na kwa desturi za huku lilitosha kabisa. Lakini mmoja wao akasema, Daktari ni mtu wa Muleba, tena mtu wa serikali, hayajui mambo yetu ya mtu wa tatu. Wakakubaliana. Wiki ile ile sungura watatu wakaonekana jikoni kwa Bibi, kwenye sanduku la sabuni, wakawa ushahidi. Wazee wa kanisa wakamwambia aombe radhi kwa wenye maharage. Akakataa kutubu kosa asilolifanya. Basi akaambiwa asisogelee Meza ya Bwana mpaka atubu, na tangu siku hiyo haonekani kanisani kabisa.

"Mtoto hana sababu ya kudanganya," mwenyekiti alimalizia.

Ungekuwa ndio wakati, sivyo? Watu wote wapo, mwenyekiti yupo, sungura wapo. Sentensi moja tu. Nilifungua mdomo, nikasema ngoja nikawachukue na hao watatu.

Bibi alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha sanduku la sabuni kwa kisu. Ndani mlikuwa na nyasi kavu, safi, zimebadilishwa asubuhi ile. Wawili walikuwa wazima. Wa tatu alikuwa na mguu wa nyuma uliovunjika, umefungwa kwa kipande cha kanga na kijiti, kazi nzuri tu. Alisema aliwatoa midomoni mwa mbwa, mmoja mmoja. Alijua watu wakiwaona kwake itakuwa balaa, lakini angefanyaje.

"Mwanangu," aliniuliza, "hawa sungura ulinikabidhi mimi?"

"Hapana, Bibi."

"Basi mtoto yale maneno aliyatoa wapi?"

Mungu wangu. Nimekaa na jibu langu miaka, na bado likinijia nikiwa peke yangu natikisa kichwa kama mwendawazimu. Nilisema, "Mtoto alisikia vibaya. Unajua watoto."

Aliendelea kumenya. Akamaliza ndizi ile, akachukua nyingine.

"Basi kawaambie hivyo hivyo. Mwenyekiti bado yuko barabarani."

"Nitawaambia, Bibi."

Nilipoinua lile sanduku aliniomba nimwachie yule mwenye mguu, amemzoea, hawezi hata kwenda mbali akamle mtu maharage. Nilimwambia haiwezekani, kiutaratibu wote wanatakiwa kuondoka. Utaratibu gani? Haukuwepo. Nilitaka tu sungura yule asibaki pale, watu wakaendelea kumwona na kuulizana. Nikatoka na watatu. Mwenyekiti akanisimamisha, akaniuliza kama Bibi ametoa wote bila matata.

"Ametoa wote," nilijibu. "Ameshirikiana vizuri."

Hivyo ndivyo tunavyoandika kwenye ripoti. Kwa maneno hayo, kana kwamba walikuwa wake, nilikuwa nimemalizia kumfunga, kwa mdomo wangu, sasa bila kumtuma mtoto. Niliwasha pikipiki.

Nyakatuntu niliwatafutia sungura familia za kuwatunza, na nikawa mkali kupita kiasi. Nililikagua kila banda: paa, sakafu iliyoinuka, wavu usio na tundu. Mama mmoja nilimrudisha mara mbili kwa ajili ya mlango tu. Niliwasafisha masikio kwa mafuta kila jioni. Watatu wa Bibi nilibaki nao mimi, mwenye nyumba nikambembeleza mpaka akakubali. Yule mwenye mguu alikufa wiki ya pili. Kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani. Binti yangu alimzika chini ya mti wa parachichi, akaniuliza mbona Bibi hakumtunza kama alivyoahidi. Nikasema nenda kaoge.

Nilikwenda kuungama. Nilisema yote, bila kupunguza, kwenye kiti cha maungamo. Padri alinipa kusali rozari moja, na akaniambia niende Ndama nikaseme mbele ya wale walioamini uongo. Rozari niliisali jioni ile ile, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu tupu. Ndama nikaiahirisha. Kwanza mvua, kisha chanjo ya kuku, kisha barabara mbovu. Nilijiona nimeshasamehewa, tena kwa siri, bila mtu kunitazama. Na wakati huo Bibi, aliyetengwa mbele ya watu wote, hajafanya lolote. Nililijua hilo vizuri. Nililala nalo na kuamka nalo, nikala nikashiba.

Pasaka Bibi akapiga simu. Alikuwa na kawaida ya kumpigia binti yangu sikukuu zote, amwombee baraka, na hakuiacha hata mwaka ule. Nilimnyooshea mtoto simu. Akarudisha mikono nyuma.

"Sitaki kuongea naye. Alisema atawatunza, akawaacha wakaliwa na mbwa. Bibi ni mwongo."

Simu ilikuwa wazi. Nilipoiweka sikioni nilisikia Bibi anavuta pumzi. Akasema, "Usimlazimishe," akakata.

Kuna wakati mtu anakosa hata pa kuweka uso. Nilikaa kitandani, nikamwita mtoto akae, nikamwambia. Nilimwambia banda nililifungua mimi, na kwamba Bibi sikumwona siku ile, wala hakuahidi kitu. Nilimwambia kuhusu kanisa na kuhusu Meza ya Bwana. Alikuwa na miaka kumi, anafundishwa komunyo ya kwanza, alielewa vizuri sana. Alinitazama mikono.

"Mwenyekiti alipopiga simu, aliyemwambia ni mimi," alisema.

"Lakini kosa ni langu."

"Ndiyo. Lakini aliyemsingizia Bibi ni mimi."

Nilimwambia siyo hivyo, nikamweleza kwa maneno yangu yote ya kisomi, naye akaitikia tu. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Ndama wote wawili. Nilianza kwa mwenyekiti. Alisikiliza, akakuna kidevu, kisha akaniomba tuliache. Alisema kwa upole kabisa kwamba watu wameshatulia na wazee wa kanisa wataaibika, pengine tuseme tu palikuwa na kutoelewana. Moto wangu ukanipanda, nikamwambia hapakuwa na kutoelewana, mimi nilidanganya na ninyi mkamhukumu. Kesho yake mchungaji aliniruhusu kusimama baada ya matangazo. Nilisema nilichotakiwa kusema. Yule mzee wa mbuzi alikuwa benchi la tatu, na katika uso wake sikuona hata chembe ya furaha, alinionea huruma. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya ibada wazee wanne wa kanisa walikwenda kwa Bibi, sisi tukawafuata nyuma. Bibi aliwapokea, akatoa viti vinne. Mimi nilisimama. Mwenyekiti akamwambia ukweli umejulikana, usharika unamwomba radhi, arudi kundini, Meza ya Bwana ni mwezi ujao. Bibi aliwashukuru kwa kuja.

"Nimekaa nanyi tangu nilipoolewa," akasema. "Nilisema sungura si wangu, hamkuniamini. Huyu amesimama leo kidogo tu, mmemwamini hivyo hivyo. Sasa nikirudi, nitakuwa nimerudi kwa neno lake. Langu liko wapi?"

Akasema hatakuja. Hakupandisha sauti, na mimi hakunitazama hata mara moja.

Hapo binti yangu akapita katikati ya wazee, akapiga magoti kama watoto wa huku wanavyoamkia. Sikumtuma, naapa.

"Bibi, aliyemwambia mwenyekiti ni mimi. Nisamehe."

"Wewe uliambiwa, ukaamini. Hapo huna kosa."

"Lakini nilikataa kuongea na wewe kwenye simu."

"Hilo ndilo kosa lako," alisema, "nalo nimekusamehe." Akamshika mkono, akaingia naye ndani, wakafunga mlango. Tulisubiri uani. Baadaye tulisikia harufu ya ndizi zinachemka na mtoto anasimulia jambo, haraka haraka, na Bibi anaguna. Alipotoka alikuwa ameshiba. Kwenye pikipiki, akipaza sauti sikioni mwangu ili kuushinda upepo, aliniambia Bibi amemuuliza kuhusu yule mwenye mguu, naye amemwambia amekufa, na kwamba Bibi atakwenda kanisani mwezi ujao kama yeye atakuja kumchukua.

Tulikwenda. Bibi alikuwa amevaa gauni jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi, na wiki nzima alikuwa amezunguka kwa wenye maharage na kwa wazee wa kanisa wote, akipatana nao mmoja mmoja. Nilibaki mimi. Alinisubiri mlangoni mwa kanisa, akanipa mkono.

"Nimekusamehe," alisema, "kwa sababu bila hivyo siwezi kula."

Nilisema asante, Bibi. Alikuwa ameshaingia.

Wakati ulipofika wa kwenda mbele alisimama polepole, mkono mmoja begani kwa binti yangu, na watu wakampisha. Binti yangu alimfikisha madhabahuni, akarudi nyuma hatua moja, akasimama na mikono yake imefumbatwa. Benchi langu lote liliinuka likaenda, nikabaki peke yangu na vitabu vya nyimbo. Mama mmoja aliyekuwa anapita aliniinamia, akaninong'oneza nisijisikie vibaya, wanajua kwamba sisi Wakatoliki hatushiriki kwao. Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba ni hilo.